Folda ya Bibi Subilaga

Majirani thelathini na watatu walitaja saa sahihi. Wa thelathini na nne alisema ni jana.

Atupele alizima tena umeme wa meza ya majaribio, akahesabu kimoyomoyo hadi kumi, akauwasha. Skrini ziliamka moja moja kwenye rafu, kila moja ikiwa pacha wa skrini iliyotundikwa ukutani nyumbani kwa mzee fulani, huko Kyimo, huko Masoko, huko juu karibu na msitu. Zikaanza kupokezana kama watoto wanaoitwa majina darasani. Ni Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, dawa ya presha umeshakunywa. Ya mwisho, ile ya pembeni, ikasema kwa upole uleule, "Ni Jumatatu, saa mbili asubuhi. Mama, kunywa dawa yako ya presha."

"Ya nani hiyo?" Ipyana aliuliza kutoka mlangoni, akikung'uta mwavuli. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa karakana, mtu mwenye haraka ya kudumu, ambaye hata chai aliinywa amesimama.

"Ya Bibi Subilaga."

"Na ulisema jana zote ziko tayari."

"Nilisema. Nilikosea."

Ipyana hakumgombeza, na hilo lilimuuma Atupele zaidi ya kugombezwa. Wote wawili walikuwa wanamfikiria Mzee Lusajo. Mwezi wa pili umeme ulikatika mara tatu asubuhi moja, na kila uliporudi, Jirani wa Mzee Lusajo alisahau kwamba dawa imeshanywewa, akamkumbusha upya. Mzee wa watu alikuwa mtiifu, akanywa kila alipoambiwa. Alilala zahanati siku tisa. Alipona, lakini mkewe alimshika Atupele mkono pale kitandani na kumuuliza, bila hasira, "Si mlisema kosa hili mlisharekebisha?" Na kweli walikuwa wamerekebisha. Walirekebisha kwenye folda ya mtu mwingine.

Hapo ndipo palipokuwa na shida yenyewe. Miaka kumi na tisa nyuma, Mtandao Mkuu ulipokatika na usirudi, mashine mpya zilizokuwa zikifikiri kwa ubongo wa mbali ziligeuka mabati. Zilizopona ni skrini za kizamani zilizotupwa kwenye makontena ya shule, kwa sababu zilikuwa na akili yao tumboni, ndogo lakini yao. Akili hiyo ilielewa lugha moja tu, ActionScript, lugha ambayo mafundi wa mijini walikuwa wameshaifanyia matanga. Mzee Gwakisa aliifufua. Alizikusanya skrini, akazifundisha kusema, akazitundika kwenye nyumba za wazee walioanza kusahau, akaziita Majirani. Kila alipoletewa mzee mpya, alinakili folda ya mzee aliyetangulia, akaipa jina jipya, kisha akarekebisha hapa na pale kama fundi cherehani anayepunguza suruali ya kurithi. Aliwapenda wazee wake mmoja mmoja, na msimbo wake ulikuwa hivyohivyo, wa mmoja mmoja. Kosa moja lilinakiliwa mara thelathini na nne, na dawa yake ilibidi itiwe mara thelathini na nne. Hakuna aliyekuwa na orodha.

Mzee Gwakisa alipofariki mwaka jana, Atupele alirithi folda zote. Tangu kisa cha Mzee Lusajo alikuwa akijenga mradi mmoja mpya usio na mzee wala nyumba. Aliuita Pamoja. Ndani yake aliweka yale yanayohitajika na kila mtu: saa, hesabu ya dozi, namna ya kusalimu, namna ya kujibu maswali. Pamoja ilifungwa kuwa faili moja, na kila folda ikaelekezwa kuchukua huko badala ya kubeba nakala yake. Ukirekebisha saa mahali pamoja, nyumba thelathini na nne zinapona kwa mpigo. Miezi tisa ya kazi. Alifuta nakala za zamani folda baada ya folda, na kila alipofuta alijisikia mwepesi, kama mtu anayetoa vitu vya marehemu chumbani akagundua kumbe chumba kina dirisha.

Alifungua folda ya Bibi Subilaga, na hakuchukua hata dakika kuona alipokosea. Mzee Gwakisa alikuwa ameficha faili moja ndani ya folda ndogo isiyo na jina la maana. Ilikuwa nakala ya zamani ya faili ile ile ambayo Atupele aliiweka Pamoja, yenye jina lile lile. Kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya mtu kuwa kitu cha kuendeshwa na mashine, ina tabia yake: ikikuta jina moja nyumbani na kwenye maktaba, inachukua la nyumbani, na haisemi neno. Basi muda wote huo Bibi Subilaga alikuwa nje ya Pamoja, na saa yake ikibaki ile mbovu.

"Futa hiyo nakala," Ipyana alisema, kikombe mkononi. "Mvua zimeshaanza. Umeme utakatika tu, unajua unavyokatika. Na familia zote nimeziahidi Ijumaa."

"Subiri."

Alikuwa ameshafika katikati ya faili, mahali panapojibu maswali juu ya watu. Katika Majirani wengine wote kifungu hicho kilikuwa kifupi. Mzee akiuliza fulani yuko wapi, Jirani aliangalia kumbukumbu za familia na kusema kilichoandikwa humo. Hapa palikuwa na mistari minne ya ziada. Akitajwa Ambakisye, kumbukumbu zisiangaliwe. Swali lijibiwe hivi: *Yuko njiani, mama. Lori limejaa, anakuja polepole.*

Juu yake Mzee Gwakisa alikuwa ameacha maelezo kwa mkono wake wa haraka. *Ya muda tu, mpaka arobaini ipite. Nimeitamka mwenyewe sebuleni kwake. G.*

Tarehe ilikuwa ya miaka minne iliyopita.

Atupele alimsogezea Ipyana kiti, na kwa mara moja Ipyana akakaa. Wote walimjua Ambakisye kwa sifa, mwana wa Bibi Subilaga, dereva wa malori ya ndizi, aliyepinduka na kufa kwenye kona za mteremko wa Kiwira akirudi nyumbani. Wote walijua pia kuhusu kutamka. Ilikuwa sheria ya karakana tangu mwanzo, na Mzee Gwakisa hakuwa na mchezo nayo: sentensi yoyote utakayomwekea Jirani kinywani, kwanza nenda nyumbani kwa mwenyewe, kaa naye, mwambie kwa mdomo wako. Ukishindwa kuisema ukimtazama, usimwandikie. Atupele katika ujana wake alitembezwa nyumba hadi nyumba kwenda kumwambia kila mzee "Umeamkaje leo?" na kurudi akiwa amelowa.

"Kwa hiyo nikifuta," alisema, "Bibi atauliza, na Jirani ataangalia kumbukumbu, atamwambia mwanao amefariki. Kesho atauliza tena. Ataambiwa tena. Kila siku atafiwa upya."

"Basi weka swichi humo Pamoja. Nyumba inayotaka kweli ipewe kweli, inayotaka faraja ipewe faraja. Nusu saa hiyo."

"Ndiyo inaniogopesha, kwamba ni nusu saa." Atupele alisugua macho. "Kaka, kikishaingia Pamoja ni cha wote. Mtu atakayekuja baada yangu hataniuliza kwa nini kuna swichi ya kudanganya wazee. Ataikuta ipo, ataitumia. Mtoto asiyetaka kuulizwa kwa nini haji kumwona baba yake atatuomba tuiwashe. Na tutaiwasha."

Ipyana mwenyewe alikuwa na baba huko Mbalizi, na Atupele aliliona wazo likimpita usoni.

"Basi iache kwenye folda yake peke yake," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Chukua saa kutoka Pamoja, ule uongo mwandikie upya pembeni. Kiufundi inawezekana."

"Kiufundi ni kazi ya saa moja. Lakini aliyeutamka ameshakufa. Nikiuandika upya unakuwa wangu."

"Basi nenda ukautamke."

Alisema hivyo kama mtu anayekumbusha jambo dogo. Atupele alifunga kompyuta kwenye mfuko wa nailoni, akavaa mabuti.

*

Nyumba ya Bibi Subilaga ilikuwa mwendo wa dakika arobaini, juu ya mashamba ya chai, na manyunyu hayakuacha hata kidogo. Aliyemfungulia alikuwa Tumpe, mjane wa Ambakisye, mwanamke wa makamo mwenye mikono iliyotiwa weusi na utomvu wa ndizi. Hawakuwa wageni kabisa. Walikuwa wameonana mara mbili tatu, Atupele alipokuja kubadilisha waya.

"Karibu, dada. Umelowa hivyo. Pita jikoni kwanza ukaote moto."

"Shikamoo bibi," Atupele alisema alipopita sebuleni.

"Marahaba, mwanangu." Bibi Subilaga alikuwa kwenye kiti chake cha kusukwa, shuka la mistari magotini, miaka themanini na moja na uso mtulivu. Juu ya kichwa chake Jirani alining'inia ukutani akionyesha ua la rangi ya njano. Pembeni ya mlango, kwenye msumari, lilitundikwa koti la dereva, la jinzi, lililopigwa pasi.

Atupele alikuwa bado anavua mabuti alipomsikia bibi akiuliza, si kwa wasiwasi, bali kama mtu anayeuliza saa.

"Ambakisye amefika?"

"Yuko njiani, mama," Jirani akajibu. "Lori limejaa, anakuja polepole."

"Ndaga," bibi akashukuru. Akaegemea nyuma, ametulia, hata vidole vyake vilivyokuwa vikicheza na pindo la shuka vikanyamaza. Atupele alimtazama, na katika sekunde ile alikubaliana na Mzee Gwakisa kwa moyo wote. Nani mwenye akili timamu angemnyang'anya mama huyu utulivu ule?

Kisha akageuka akamwona Tumpe kupitia mlango wa jikoni. Alikuwa amesimama na kisu juu ya beseni la ndizi, hamenyi, anasubiri kitu kipite, kama unavyosubiri jino liache kuuma.

Jikoni Atupele alieleza shida yote, kwa sababu hakujua kuificha: saa mbovu, dozi, Mzee Lusajo, faili iliyojificha. Tumpe alisikiliza huku akimenya. Atupele alipofika kwenye yale maneno, kisu kilisimama tena.

"Kwa hiyo mnayafuta."

"Sijui. Nimekuja kuyatamka. Kama nitaweza, yatabaki. Wewe ungependa yabaki?"

"Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo." Tumpe alitupia ganda kwenye ndoo. "Mzee Gwakisa alimuuliza mama, aliwauliza mashemeji, akamuuliza na mchungaji. Mimi nilikuwa nimelazwa na msiba, hata kusimama siwezi. Nilipoamka nikakuta mume wangu yuko njiani."

Atupele alisogea karibu na beseni.

"Siku ya kwanza nilitaka kuivunja ile skrini. Nikamwona mama alivyotulia, nikaacha. Sasa inasema mara saba, mara nane kwa siku. Na mimi, dada, usinicheke, kuna siku bado naongeza ndizi za mtu mmoja kwenye sufuria. Najua hayupo. Mkono haujui." Alicheka kidogo, peke yake. "Halafu eti anakuja polepole. Ambakisye hakuwahi kuendesha polepole hata siku moja. Ningemwona anakuja polepole nisingemfahamu."

"Na lile koti?"

"Nikilitoa, mama anauliza amelivaa wapi. Basi nalifua, napiga pasi, narudisha. Miaka minne, dada. Si mjane, si mke. Nimekaa tu katikati."

Atupele alitamani kumshika mkono, na akaushika, na utomvu ukawagandisha vidole wote wawili. Alikuwa amekuja na mzigo wa mtu mmoja, akakuta nyumba hii ina mzigo wa wawili. Jirani alikuwa ameandikiwa Bibi Subilaga peke yake, wakati sebule ni moja na masikio ni ya wote.

*

Atupele alikaa kwenye kigoda mbele ya Bibi Subilaga kama alivyofundishwa, magoti karibu na magoti. Alikuwa amezima sauti ya Jirani. Walizungumza juu ya mvua, juu ya bei ya chai zamani, juu ya ng'ombe mmoja mweusi aliyekuwa na tabia mbaya. Bibi alikumbuka kila kitu cha ng'ombe yule. Kisha macho yake yakaenda mlangoni.

"Ambakisye amefika?"

Maneno yalikuwa tayari mdomoni mwa Atupele. Yuko njiani. Alifungua mdomo, akaona yale macho mazee yakimsubiri kwa imani yote, na nyuma yake akasikia kisu kimeacha kumenya. Hayakutoka. Na kwa kuwa hayakutoka, alifanya kosa ambalo angelijutia muda mrefu. Alisema kweli.

"Bibi, Ambakisye alifariki."

Bibi Subilaga alimtazama kana kwamba amesemeshwa kwa lugha ngeni. Kisha uso ukakunjamana taratibu, akaleta ncha ya khanga mdomoni, akaanza kulia kilio kidogo cha chini, cha mtu anayelia kwa mara ya kwanza. "Lini?" aliuliza. "Lini, na mbona hamkuniambia?" Ni swali hilo lililomvunja Atupele. Walikuwa wamemwambia. Alizika. Alimwaga udongo kwa mkono wake.

Tumpe aliingia akifuta mikono, akapiga magoti, akamkumbatia mkwewe. Hakumlaumu Atupele kwa neno wala kwa jicho. Akalia naye. Walilia pamoja, mama mmoja na mke mmoja, mmoja akiwa amechelewa miaka minne, na mwingine hajawahi kupewa nafasi. Atupele alibaki kwenye kigoda, machozi yakimtoka, akijisikia kama mwizi aliyekutwa ndani.

Haikupita nusu saa. Bibi alikunywa chai, akapangusa uso, akauliza kwa nini macho ya watu ni mekundu. Kisha akageukia ukutani.

"Ambakisye amefika?"

Sauti ya Jirani ilikuwa imezimwa. Mvua ilikuwa imezidi juu ya bati, na Atupele akamtazama Tumpe kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumtazama.

"Jikoni," Tumpe akamwambia.

Jikoni Tumpe alifunga mlango. "Sikiliza. Lile la kwanza siwezi kulisikia tena. Na hili ulilofanya wewe, mama hawezi. Kila siku? Atakufa siku ya tatu."

"Nisamehe, dada Tumpe."

"Nimeshakusamehe, acha hayo. Nakuuliza, hiyo mashine yenu inaweza kunyamaza? Kwa swali hilo moja tu. Isijibu. Iniite mimi."

"Ikuite?"

"Si ina ile spika ya nje, ya dharura? Mama alipoanguka ilinipigia kelele mpaka shamba la tatu wakasikia. Basi ifanye hivyo, kwa sauti ya chini kidogo. Nije nimjibu mwenyewe."

"Atauliza mara nane kwa siku."

"Nimehesabu kuliko wewe."

"Na ukiwa sokoni?"

"Nitakwenda naye. Au atasubiri. Kusubiri anajua." Tumpe alinyanyua sufuria, akaishusha tena bila sababu. "Mnaandika mashine za kutusaidia, na mnasaidia kweli, dawa anakunywa, saa anajua. Lakini hili ni langu. Lilikuwa langu tangu mwanzo, mkanipokonya nikiwa nimelala."

"Na utamwambia nini?"

"Sijui bado," Tumpe alisema. "Ila nitakuwa nimemwambia mimi."

*

Atupele alifungua kompyuta palepale jikoni, juu ya meza ya kukatia mboga, kati ya nyanya na chumvi. Saa ilikuwa yapata nane mchana.

Alianza na Pamoja. Alikwenda kwenye kile kifungu cha kujibu maswali juu ya watu, kile kifupi kilichosoma kumbukumbu za familia na kuzitangaza, na ambacho mpaka asubuhi ile alikuwa anajivunia unadhifu wake. Akakigawa. Aliye hai aliacha ajibiwe kama zamani. Aliyefariki, akafuta jibu lote, na mahali pake akaweka mstari mmoja unaogoma: kifungu hiki hakina jibu, sharti kiandikwe upya ndani ya folda ya nyumba husika, na kisipoandikwa, Jirani asiwake kabisa. ActionScript haina namna ya kumlazimisha fundi wakati bado anaandika, kwa hiyo kugoma kungetokea mezani karakanani, mbele ya macho ya mtu, kabla skrini haijafika kwa mzee yeyote. Ilimaanisha kwamba kazi aliyoisifia kuwa imekwisha haikuwa imekwisha. Nyumba thelathini na tatu zingemhitaji aende, akae kigodani, aulize nani atajibu. Alimtumia Ipyana ujumbe huo kwa redio ya mkononi, na Ipyana akajibu baada ya muda mrefu: *Sawa. Ya saa na dozi iende kwa wote Ijumaa, hayo majibu tutagawana nyumba. Mbalizi niachie mimi.*

Kisha akaingia kwenye folda ya Bibi Subilaga. Akaitazama ile nakala ya Mzee Gwakisa kwa mara ya mwisho, yenye saa mbovu na huruma yote ile. Hakumwonea hasira. Mzee alipenda, akaandika kitu cha siku arobaini, akasahau kurudi. Atupele mwenyewe alikuwa na vitu kama hivyo kwenye kila folda aliyowahi kuishika. Akaifuta. Mahali pake akaandika faili fupi, mtoto wa ile ya Pamoja, inayorithi kila kitu kutoka kwa mama yake, saa, dozi, salamu, isipokuwa jambo moja. Akitajwa Ambakisye, sema unamwita Tumpe, kisha piga spika ya nje.

Juu yake aliweka maelezo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya karakana akaandika majina mawili. *Imetamkwa na Atupele. Anayejibu ni Tumpe.*

Kabla ya kuiingiza kwa Jirani, alirudi sebuleni akamwambia bibi ile sentensi mpya kwa mdomo wake, magoti kwa magoti, "Ngoja, bibi, namwita Tumpe." Ilitoka bila kukwama. Bibi alisema haya, mwite. Basi ikapita.

Atupele akaingiza faili mpya, akarudisha sauti ya Jirani, wakajaribu umeme pia. Tumpe alishusha swichi kuu, wakakaa kwenye giza jepesi la mvua wakihesabu, akaipandisha. Jirani aliamka akasema ni Jumanne, saa kumi kasoro dakika tano, na dawa ya asubuhi imeshanywewa. Atupele alijikuta ameshusha pumzi aliyoishikilia tangu mwezi wa pili.

Mvua ilipungua. Tumpe akasema ndizi haziji zenyewe jikoni, akachukua panga na kikapu akatoka kwenda shambani, chini kule migomba inapoanza. Atupele alibaki anakunja waya. Hakuwa na haraka ya kuondoka, na bibi alikuwa anamsimulia tena habari za ng'ombe mweusi, safari hii ng'ombe akiwa ameingia kanisani.

Katikati ya hadithi macho ya bibi yakaenda mlangoni.

"Ambakisye amefika?"

"Ngoja, mama," Jirani akasema. "Namwita Tumpe."

Nje, chini ya upenu, spika ikaita. "Tumpe, unaitwa ndani." Sauti ikashuka mpaka migombani. Bibi Subilaga alishangaa kidogo, akaitazama skrini, akamtazama Atupele. Vidole vikaanza kucheza na pindo la shuka. Dakika moja ikapita, ikaja ya pili, na Atupele alikaa na mikono imebana waya, akiogopa, maana kama Tumpe angechelewa, au angeingia akaishiwa maneno kama alivyoishiwa yeye asubuhi, basi alikuwa amemwondolea mama huyu faraja yake ya miaka minne akampa mlango mtupu.

Miguu ikasikika nje. Tumpe aliingia akihema, miguu ya matope mpaka magotini, jani la mgomba limenata begani. Hakujifuta. Alipita moja kwa moja, akachuchumaa mbele ya kiti.

"Umeniita, mama."

"Ambakisye amefika?"

Tumpe alivuta pumzi.

"Hajafika, mama," alisema. "Nimefika mimi."

Bibi Subilaga aliutafakari uso ule muda mrefu, matope, mvua, jani. Alinyoosha mkono akalitoa lile jani begani, akalikunja vizuri mara mbili kama mtu anayekunja kitambaa.

"Umelowa," akasema. "Kaa hapa karibu na mimi upate joto." Akalivuta shuka magotini mwake, akamfunika mkwewe nusu.

Tumpe akaweka kichwa kwenye paja la mama mkwe, na bibi akaendelea kumsimulia habari za yule ng'ombe. Atupele alibeba mabuti yake mkononi, akatoka kwa kunyata, akayavalia nje.